Wiki ya Mama Hadija

Jumatatu, 3 Juni 1974. Kwamndolwa.
Uji, dawa, daftari la zamu. Kikohozi kimenitangulia kuamka. Maombi sita ya kubadilishana wiki za nyumba za wageni. Mmoja ameandikisha kwa mtoto wa shule, "naomba kutumia nyumba yangu." Hana nyumba. Ana siku saba kwa mwaka, kwenye karatasi. Kaya za Kwaluguru zilifyatua tofali zikajenga nyumba moja ya wageni, kaya za Hale zikajenga ya kwao kando ya mto, kila kaya ikapewa wiki yake. Anayetaka kulala kwa wenzake hukabidhi wiki yake kwanza kwangu, mwalimu wa zamani ninayetunza daftari la ushirika, ndipo aombe. Akishakabidhi si yake tena, apate asipate. Wote waliweka dole gumba chini ya kanuni hiyo. Hakuna aliyeuliza maana yake. Wapumbavu.

Jumatano, 5 Juni
Mama Hadija amekuja kutoka Kwaluguru kwa lori la mahindi. Amekabidhi wiki yake ya Agosti, wiki nzuri. Anataka Hale, wiki ya pili ya Julai. Binti yake, Hadija, ameolewa na fundi wa umeme wa pale na yu karibu kujifungua. Wanaishi chumba kimoja. Mama mtu hawezi kulala chumba kimoja na mkwewe, afadhali alale njiani. Na siku saba za kwanza mzazi hukaliwa na mama yake.
Nimepokea. Hakunitazama usoni. Au ni mimi ambaye sikumtazama.

Ijumaa, 7 Juni
Mwenyekiti wa ushirika. Tumbo mbele, kalamu tatu mfukoni. Anataka wiki hiyohiyo kwa ajili ya mashemeji zake, wanapenda samaki wa mtoni.
"Mwalimu, fanya kama mwaka ule," alisema huku akicheka. "Yule mama mpe masika. Wiki ni wiki."
Alipoondoka nimelifunga daftari bila kuandika jina.

Jumapili, 9 Juni
Naandika kwa kuwa sina muda mrefu wa kuishi.
Miaka mitatu iliyopita Hadija alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake alikabidhi wiki yake, akaomba Hale. Nafasi ilikuwepo. Niliwapa mashemeji wa mwenyekiti. Yeye nikamwambia imejaa, nikamwandikia wiki ya masika, miezi mingi baada ya uzazi, wakati barabara ya Handeni ni tope tupu. Hadija alijifungua peke yake, mume akiwa kazini. Mtoto hakuishi.
Mimi mwenyekiti alinipa shati. Nimelivaa mpaka kola ikachanika.
Nawadharau kwa dole gumba lao. Wao hawakujua kusoma. Mimi nilijua.

Alhamisi, 13 Juni
Homa. Mwenyekiti ametuma mtu kuulizia. Nimesema kesho. Woga wa mtu anayekufa ni kichekesho. Ataninyang'anya nini?

Ijumaa, 14 Juni
Nimeandika jina la Mama Hadija kwenye wiki ile ya Julai, kwa wino. Penseli hufutika, hilo nalijua kuliko mtu yeyote wilaya hii. Nakala nimempelekea mlinzi wa nyumba ya Hale. Mwenyekiti kasema uzee umenichanganya. Nimemwambia mashemeji zake wakalale kwake, ana vyumba vinne. Raha kidogo. Ya aibu.

Jumamosi, 15 Juni
Mama Hadija amekuja kuchukua ufunguo. Akanipa shikamoo. Sikuweza kuiitikia. Nikamweleza yote, hata shati.
"Nafasi ilikuwepo?"
"Ilikuwepo."
Sikuomba radhi. Ningekuwa namkabidhisha tena kitu chake, msamaha, kabla ya kumpa ufunguo.
Akachukua ufunguo. "Nitaurudisha, Mwalimu. Usiningoje."

Jumatano, 17 Julai
Sijafa.
Dereva wa lori ameleta ufunguo, umefungwa kwenye kipande cha kanga. Hakuna salamu. Anasema alipita Hale Ijumaa, akamwona Mama Hadija uani anaanika nepi.
Nimeutundika msumarini. Jina la mtoto sikuuliza.