Msalimie Mwenzangu

Baba,

Mama ameolewa. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu hukupenda mtu azunguke. Mteja akianza kujieleza ulikuwa unamwonyesha kigoda, unamwambia kaa kwanza, maneno baadaye. Basi kaa. Ameolewa bomani, hapa hapa Kibiti, na Bwana Nassoro, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Umwe. Tulikuwa watu saba, pamoja na mashahidi wawili, na picha nimepiga mimi. Kwa kamera yako.

Studio ipo. Pazia la bluu la picha za pasipoti lilipauka, nimeweka jingine. Harusi kubwa siku hizi zinakwenda kwa vijana wa Dar wenye kamera za kuruka, na mimi wananijia wa bomani: mwalimu aliyehamishiwa Mbwara, nesi na mchumba wake, watu ambao kwao ni mbali. Wanaingia na aibu. "Dada, ni kitu kidogo tu, picha mbili tatu." Mimi nawaambia ulivyonifundisha, kwamba harusi ndogo usiitafutie ukubwa, tafuta mikono. Nawapiga wakiwa bado kwenye benchi la nje, wanasubiri kuitwa, kila mmoja ameshika bahasha yake ya vyeti. Napiga tangazo lao kwenye ubao, majina yao yamebanwa na tangazo la mbuzi aliyepotea. Napiga muhuri ukiwa hewani kabla haujashuka. Kisha nawatoa nje wakatembee, nawafuata nyuma, maana watu wakishaoana hata mgongo unabadilika. Kama kuna bajaji nawapiga ndani ya kioo chake cha pembeni. Wanapenda sana hiyo.

Na kanuni yako ile siiachi: kabla hujafungua kamera, uliza nani hayupo. Ulisema asiyekuwepo ndiye anayewapanga waliopo. Nikijua baba wa bibi harusi hakuja, simuulizi mtu kwa nini huyu binti anaangalia mlango kila mara.

Haya, Mama. Aliniambia tukiwa jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi, wala hakusimamisha mkono. Eda ilikuwa imekwisha zamani, mwaka umepita na zaidi, kwa hiyo sikuwa na haki ya kushangaa. Alisema anataka kuolewa na anataka iwe bomani. La kwanza nililimeza. La pili likanikaa kooni. Mwanamke wa Kiislamu, mwanamume wa Kiislamu, shehe yuko hatua hamsini kutoka mlangoni kwetu, wanakwenda kufanya nini kwa serikali? Baba mdogo alisema wazi kwamba ndoa ya bomani ni ya watu wanaokimbia kitu. Nami nikajiuliza huyu bwana anakimbia nini.

Nilimshuku, Baba. Nilimshuku mpaka nikajichosha. Akija nyumbani anazungumza ameziba mdomo kwa mkono. Simu ikiita anatoka nje. Alipokuja studio kupanga picha, neno lake la kwanza lilikuwa, "Binti yangu, huwezi kutupiga pasipo kutuonyesha nyuso?" Mtu anaoa halafu hataki uso wake uonekane. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nikapekua bahasha zako za zamani za pasipoti mpaka nikampata, kijana bado, mdomo umefungwa kama amekatazwa kusema. Hata wakati ule alikuwa anaficha.

Nikabeba kidebe cha mpunga nikaenda Umwe kukoboa, kumbe nakwenda kupeleleza. Niliwauliza akina mama kwenye foleni ana wake wangapi. Wakaniambia mkewe alifariki, anaishi na dada yake, mtu mpole. Nikarudi nasema moyoni wamefundishwa. Lile tangazo lao likakaa ubaoni siku ishirini na moja, nami nikawa napita bomani kila siku, nasingizia kupiga picha, nasubiri mwanamke atokee na watoto wake aweke pingamizi. Kuna siku nikamkuta mmoja amesimama ubaoni muda mrefu, anasoma kwa kidole. Nilimwendea mbio, nikamwambia, "Mama, usiogope, sema tu." Akaniambia anatafuta tangazo la dawa za mikorosho.

Nilikuwa nalinda jina lako. Hilo nataka ulielewe. Niliona huyu mtu amekuja kukalia kiti cha mtu msafi.

Siku zile zile nilikuwa nawaza nitampigaje Mama. Kama nampiga, basi nimpige vizuri, hata kama mwenziwe ni mwongo. Nikafungua kabati lako kutafuta mifano, nikaikuta bahasha umeiandika kwa mkono wako: "Ngorongo, mwanga wa mlango." Unaikumbuka. Mwanamke mmoja, mlango mmoja wa mbao wa rangi ya kijani, picha nyingi za misimu tofauti. Kuna ya masika, kizingiti kimeloa. Kuna ambayo ameshika ungo. Mwanga unamjia ubavuni, nyuma yake nyumba ina giza, na uso wake umetulia kabisa. Sijaona picha zako nzuri kuliko zile. Nikasema, tazama Baba alivyokuwa fundi, kila akienda kupiga wanafunzi wa darasa la saba alitafuta muda wa kujifunza mwanga kwa mama wa watu. Wallahi nilikusifu. Nikaziweka mezani nikajisomea, nikaamua picha kubwa ya Mama itakuwa ya mlangoni, kama zile.

Nilizikumbuka na safari zenyewe. Alfajiri nakufungia begi la kamera, basi mpaka Ikwiriri, halafu bodaboda. Mama anatoka ndani na mfuko wa korosho alizobangua mwenyewe, anauweka juu ya begi, anasema, "Msalimie mwenzangu." Nawe unachukua kitambaa unafuta lensi. Nilikuwa nimeshaifuta, lakini unaifuta tena. Hata mimi nilizoea, nikawa nakukumbusha: Baba, usisahau korosho za mwenzake Mama. Nilijua ana rafiki Ngorongo, mtu wa usichana wake.

Siku ya ndoa walikaa kwenye benchi. Mama amevaa dera la rangi ya zambarau na mtandio mweupe. Nikamuuliza swali lako, nani hayupo. Akajibu bila kufikiri, "Mwenzangu wa Ngorongo. Nilimwita, ameshikwa na mavuno." Nikaitikia, nikafungua kamera.

Ndani, msajili akasoma fomu kwa sauti. Jina, umri, makazi. Akafika pahali pa aina ya ndoa, akauliza ni ya mke mmoja au inayoweza kuwa ya wake wengi. Bwana Nassoro akafungua mdomo nyuma ya mkono wake. Mama akamtangulia. "Mke mmoja. Andika. Na msomee tena, asije akasema hakusikia." Msajili akacheka, mashahidi wakacheka. Mimi nilipiga picha ya kidole cha Mama kikiwa juu ya mstari ule, na moyoni nikasema, unaona, hata yeye hamwamini. Nilifurahi, Baba. Nakiri nilifurahi.

Tulipotoka nikawapanga mlangoni pa ofisi. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu, wa ubavuni, ule ule. Bwana Nassoro akasimama. Mama akagoma. "Mlangoni sisimami mimi." Nikambembeleza, nikamwambia ni picha moja tu, ni mtindo wa Baba. Akashuka ngazi akaenda kusimama juani, katikati ya uwanja, amekunja uso kwa sababu ya mwanga. Kwa hiyo picha kubwa ya ndoa ya Mama ni ya juani, kivuli kifupi miguuni, kila kitu ulichonikataza.

Kesho yake alasiri nikamwonyesha picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Alizipenda za mikono. Nikamuuliza kwa nini alikataa mlango. Akasema, "Picha za mlangoni anazo mwenzangu. Zinamtosha."

Nikauliza mwenzake yupi.

Akasema, "Mke mwenzangu, we Zainabu. Ulidhani mwenzangu gani?"

Neno hili nimezaliwa nalo. Mwenzangu wa shule, mwenzangu wa safari, mwenzangu wa kisimani. Kuna na hili la wake wa mume mmoja, kila mtu huku analijua, na mimi mwanao nililisikia miaka yote halikuniingia. Nilifunga zile korosho kwa mikono yangu. Nikakumbuka na matanga yako. Kuna mama alikuja kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, na Mama ambaye hakumnyanyukia mtu siku ile alinyanyuka, akampa nafasi kwenye mkeka wake. Walikaa wamefunikwa kanga moja. Nikasema, rafiki wa kweli huyu.

Niliuliza kama ulimwambia. Akasema hukumwambia. Alisikia minong'ono, hakuwa na hakika, basi siku moja akatoa salamu kwa kubahatisha aone utafanya nini. "Akachukua kitambaa akafuta lensi." Ndivyo alivyojua. Basi kila safari akatoa salamu, na kila safari ukafuta lensi, na hakuna kati yenu aliyesema zaidi ya hapo. Watoto hamkupata na yule mama. Hilo nalo amenieleza Mama, maana wewe hukueleza.

Na bomani? Nilimuuliza hilo la mwisho. Akasema Bwana Nassoro alitaka shehe, yeye ndiye aliyekataa. "Shehe angeniambia nimwamini mume wangu. Nilishamwamini mmoja. Safari hii nilitaka iandikwe." Shehe alikuja baadaye nyumbani, akasoma dua, tukala pilau. Na hapo kwenye sinia ndipo nilipomwona Bwana Nassoro anacheka mkono ukiwa umeshika nyama. Meno ya mbele hana. Mpini wa mashine ulimpiga ujanani. Hiyo ndiyo siri yake yote. Na zile simu alikuwa anatoka nje kwa sababu ana sauti kubwa, hataki kutusumbua. Nimeona haya, Baba, mpaka leo nikimpa chai natazama chini.

Sasa jicho lile nililokuwa nimemwekea yeye limegeuka kwako, na silipendi. Nazipitia picha zako zote upya. Harusi ya Mbwara, wewe ulilala wapi siku ile? Mwezi ule uliosema kamera imeharibika iko kwa fundi, iliharibika kweli? Uliponiambia uliza nani hayupo, ulikuwa unanifundisha kazi au ulikuwa unajisema? Dini ilikupa ruhusa, sibishani nayo. Kilichoniuma ni kwamba ulimwacha Mama azungumze nawe kwa mafumbo mlangoni, miaka, na ukamjibu kwa kitambaa. Na picha zako nzuri kuliko zote hukumpiga yeye. Nimetafuta. Za Mama zipo nne, tatu kati yake ni za pasipoti.

Nakukasirikia, na bado kila asubuhi nikifungua studio nasema shikamoo kwa kile kigoda. Siwezi kuacha. Nafikiri nitakukasirikia hivyo hivyo kwa muda mrefu, huku nakusalimia.

Lala salama, Baba. Nakuombea Mungu akusamehe, na mimi nitajaribu kumfuata taratibu. Nakuahidi mambo mawili. Nitampiga Mama picha mpaka kabati lako lijae, juani kama anavyotaka yeye. Na wiki ijayo nakwenda Ngorongo na ile bahasha yako, maana picha ni za mwenyewe, akae nazo. Mama ameshaniwekea korosho juu ya begi, akaniambia nimsalimie mwenzake, na mimi sikufuta kitu, nilimwitikia. Mlango naujua hata sijaelekezwa. Nitapiga hodi, na akiuliza nani, nitamwambia ni mimi, mama mdogo, mtoto wa mwenzio.

Mwanao,
Zainabu