Mama Mkwe Ananimwagia Kahawa, na Sitaki Aache

Mpendwa mshauri,

Nisaidie upesi kabla mke wangu hajafungua mdomo akaharibu kitu ambacho hakitengenezeki tena, maana amekubali kusubiri mpaka jibu lako litoke gazetini na zaidi ya hapo amesema hasubiri, na hapa ninapokuandikia nipo nyuma ya kaunta kazini, joto limepamba moto nami nimefunga koti vifungo vyote hadi shingoni kama mtu mwenye homa, kwa sababu ndani ya koti kuna shati jeupe na kifuani mwa hilo shati kuna doa la kahawa la ukubwa wa kiganja.

Mimi ni muuza miwani. Dukani kwetu sharti ni mashati meupe, na mwenye duka, mama mmoja mkali lakini wa haki, husema mteja akikuona wewe mchafu hataamini kama vioo vyako ni visafi. Juzi nilimvisha mzee mmoja miwani mipya, nikamuuliza, "Vipi mzee, unaona?" Akanitazama kifuani, akatabasamu, akasema, "Naona vizuri sana, kijana wangu. Leo umekunywa kahawa ya maziwa." Duka zima lilivunjika mbavu, na mimi nikacheka ili nisife kwa aibu, lakini mwenye duka hakucheka, aliniita pembeni akaniambia nikionekana na doa tena atanitoa kwa wateja anipeleke stoo nikapanguse fremu hadi nijifunze kunywa kama mtu mzima.

Sasa mshauri, hapo ndipo penye kazi, kwa sababu anayemwaga si mimi, ni mama mkwe wangu. Alihamia kwetu mikono yake ilipoanza kutetemeka, na daktari alituambia wazi kwamba mikono hiyo haitaacha kutetemeka ila tusimkalishe bure, ajishughulishe, akikaa tu atazidi. Mwili mwingine wote ni mzima, Mungu ashukuriwe, masikio mazima, akili kali, na macho usiseme, nilimpima mwenyewe dukani akausoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho kabisa, ule ambao hata mimi naujua kwa kuukariri tu, kisha akaniuliza, "Ndio mwisho? Hamna vidogo zaidi?"

Mke wangu ni muoka mikate na anaondoka nyumbani kabla hakujakucha, kwa hiyo asubuhi tunabaki mimi na mama, na tangu wiki ile aliyohamia, mama aliamua kwamba kahawa yangu ya asubuhi ni kazi yake. Nakaa sebuleni nimeshavaa tayari, maana mbele ya mkwe siwezi kukaa na singlendi, na isitoshe mama anapenda kuniona nimevaa, siku ya kwanza aliponiona na shati jeupe alipiga makofi akasema, "Ee, mkwe wangu kama daktari!" na tangu siku hiyo huniambia nisimame anione kwanza. Basi anatoka jikoni na kikombe juu ya kisosi, amekishika kwa mikono miwili, kimejaa mpaka juu kwa sababu kwake yeye kikombe nusu anapewa mgonjwa, na kisosi kinalia kri-kri-kri njia nzima, nami nimekaa nimebana pumzi, na anafika salama mshauri, naapa anafika salama, ila pale pale pa kunikabidhi ndipo mkono unaporuka. Shwaa! Anashtuka, ananiuliza, "Imekumwagikia, baba?" Nami nimeshavuta koti kufunika, namjibu, "Hata kidogo, mama, imeishia kwenye kisosi." Anasema, "Haya, shukuru Mungu," nami nakunywa kilichobaki hadi tone la mwisho na naondoka nikinuka kama mkahawa.

Utauliza kwa nini nisimwambie aache. Mshauri, mimi nililelewa kwa baba mkubwa, watoto tulikuwa wengi kama siafu, asubuhi kila mtu na lake, aliyewahi sufuria ndiye aliyekunywa, na sikumbuki hata siku moja mtu kuniita akaniambia hiki ni chako. Halafu kuna jingine kubwa zaidi. Nilipopoteza kazi yangu ya kwanza nikakaa nyumbani muda mrefu, mke wangu alichoka, akafungasha begi akaenda kwa mama yake, na huyu mama alimfungulia mlango, akampa chai, akamwambia, "Mumeo hajafa, hana kazi tu. Maliza chai yako urudi kwako." Jioni ile ile mke wangu akarudi, na huyu mama hajawahi kunigusia siku hiyo hata kwa utani. Kwa hiyo anaponiletea kile kikombe, kimwagike kisimwagike, mimi nasema "ahsante mama" tu, na shukrani nyingine yote naimeza pamoja na kahawa.

Madoa yenyewe nimeyapigania kwa siri kwenye sinki la nyuma ya duka. Nimetumia maji ya moto kabisa, yamegeuka kahawia iliyokolea. Nimepiga pasi nikidhani yatafifia, yakawa kama yamepakwa rangi. Nimesugua kwa brashi ya viatu mpaka shati moja likatoboka. Mwisho nikachanganya siki na ile dawa kali ya kung'arishia nguo nyeupe, nikakohoa hadi fundi viatu wa mlango wa pili akaja mbio kunivuta nje. Mashati yaliyoshindikana nilikuwa nayaficha kwenye begi chini ya kitanda, na majuzi mke wangu alikuwa anafagia, akalikuta, akayatandaza kitandani moja moja, kisha akasema, "Mama kuingia jikoni basi. Nitamwambia mwenyewe, taratibu." Nikamwambia hakuna taratibu katika jambo hili, ukimnyang'anya kile kikombe umemwambia aende akae kwenye kiti asubiri kulishwa. Akasema, "Na wewe ukipelekwa stoo? Na yeye akiungua?" Nikamwomba angoje nikuulize wewe.

Basi mshauri, nielekeze namna ya kutoa doa la kahawa kwa vitu vya nyumbani, upesi na bila mama kujua, na uniambie nimfunge vipi mdomo mke wangu, kwa sababu kahawa ile naitaka.

Ni mimi,
Mkwe wa Madoa

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe wa Madoa, nimeisoma barua yako huku nimeshika kikombe changu, na nikakiweka mezani kwa hofu. Nimekupenda, mwanangu. Wengi huniandikia kumsema mama mkwe, wewe umeniandikia kumkinga. Ubarikiwe. Lakini sasa kaa vizuri nikugombeze, maana una moyo mzuri na akili umeisahau stoo kabla hujapelekwa.

Tuanze na shati. Ole wako uchanganye tena siki na dawa ya kung'arishia nguo! Hivyo viwili pamoja vinatoa hewa ya sumu, na yule fundi viatu mpelekee zawadi, amekuokoa. Limau nalo usilitie kwenye dawa hiyo. Maji ya moto uliyaleta ya nini? Kahawa yako ina maziwa, na maziwa ukiyamwagia maji ya moto yanaiva humo humo kwenye nyuzi. Pasi ndiyo ikamaliza kazi. Tangu leo pasi haigusi shati mpaka doa limetoka lote, na ulitazame juani, si kwenye taa.

Kahawa ikimwagika, vua shati hapo hapo. Lifyonze kwa kitambaa kikavu. Ligeuze ndani nje, ulipitishie maji baridi kutokea nyuma ya doa, ili kahawa itoke ilikoingilia badala ya kupenya zaidi. Tia matone ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, hiyo ndiyo inayong'oa mafuta ya maziwa, uliache kidogo. Suuza. Kikibaki kivuli, changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, chovya kitambaa cheupe, uguse doa kuanzia ukingoni kwenda katikati. Kwa yale makongwe ya begini, ukishasuuza siki, koroga magadi ya kuokea, ule unga mkeo anaoujua vizuri sana, na maji kidogo uwe uji mzito, upake, uache mpaka ukauke, kisha ufue na kuanika juani. Rudia. Yapo yatakayokubali kwa shingo upande, na lile lililotoboka fanya kitambaa cha kupangusia vioo.

Na neno moja ulishike: doa la kahawa halisuguliwi. Linaguswaguswa tu, kidogo kidogo, haraka haraka, mkono mwepesi. Brashi ya viatu, jamani! Shati lilikukosea nini?

Sasa tuje kwenye hilo la "bila mama kujua". Wewe ni muuza miwani, mwanangu, na huoni. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba mama amesoma ubao hadi mstari wa mwisho akauliza kama kuna vidogo zaidi. Leo unaniambia doa la ukubwa wa kiganja halioni? Anaona. Ameona tangu la kwanza. Anaona koti linavyovutwa, anaona mashati yanavyopungua kwenye kamba. Unadhani kwa nini anakuuliza kila asubuhi kama imekumwagikia? Anajua. Anakupa nafasi ya kumwambia, na wewe unamjibu kama mtoto aliyeficha sukari mdomoni. Kisha anarudi jikoni peke yake, na sijui anafikiri nini huko, ila ningekuwa mimi ningejiuliza kama nimekuwa mzigo hata watu hawaniambii ukweli. Hukukusudia hivyo, najua. Lakini ndivyo ulivyofanya.

Na mambo mengine, mbona ni mepesi? Huna fulana yenye heshima? Tafuta moja yenye mikono, ya rangi ya kahawa ukitaka, unywe nayo. Ukimaliza, ndipo uvae shati, utokee, usimame wima akuone huyo daktari wake. Halafu nani alikuambia ukae sebuleni usubiri kuhudumiwa kama mgeni wa arusi? Beba kigoda uingie jikoni. Kikombe kisitembee, tembea wewe. Sufuria ya moto iteremshe mwenyewe, yeye apime kahawa, atie maziwa, akoroge, amimine kwenye kikombe kizito kirefu, hicho hata kikijaa kwa kipimo chake bado kina nafasi juu. Kiwe mezani ndipo ukichukue. Hapo hakuna wa kuungua.

Nawe mke wa huyu bwana, najua unasoma na unga ungali kwenye vidole. Hasira yako ni hofu, naielewa, na hukukosea kuogopa mama kuungua. Ila neno "basi" usimwambie mama yako. Yeye alikuambia umalize chai yako urudi kwako, na leo una nyumba na una mume anayekunywa kahawa iliyobaki kikombeni kwa ajili ya mama yako. Mwache naye amalizie kahawa yake jikoni.

Mwanangu, nimalize. Jumapili mtakapokuwa nyumbani, litoe lile begi chini ya kitanda ulipeleke jikoni. Usinong'one, usifiche. Yatandaze mashati yote mbele ya mama, weka beseni, siki, sabuni na kitambaa, umwambie, "Mama, haya yamenishinda, nimesugua mpaka nimetoboa." Kisha mpe kitambaa. Doa linataka mkono unaogusagusa kidogo kidogo, haraka haraka, bila kukandamiza, na katika nyumba yenu nzima mkono huo anao mmoja tu. Atacheka. Mngoje acheke, kisha mwambie yote uliyoyameza, ya baba mkubwa na ya siku ile mkeo alipofungasha begi. Mimi umeniambia, na mimi sikupikii kitu.

Na Jumatatu, ikitokea umesahau fulana na mkono ukaruka, akakuuliza, "Imekumwagikia, baba?" acha hilo koti. Mwambie, "Ndiyo, mama, imenimwagikia. Nimiminie nyingine."