Shemeji na cherehani nne za shangazi

Wee! Acha kila kitu usome hii.

Unamkumbuka yule shemeji yake shangazi, anayejiita mfanyabiashara? Kaomba ruzuku ya biashara ndogo na msamaha wa kodi kwa kutumia karakana ya shangazi. Karakana ya SHANGAZI! Alipiga picha cherehani zote nne, akaandika kwenye fomu kuwa ni zake.

Leo afisa kaja kukagua. Shemeji akamwahi shangazi mlangoni: "Nisitiri, shemeji yangu. Sema wewe ni mfanyakazi wangu."

Mfanyakazi! Miaka kumi na tisa shangazi anashona pale!

Hakubisha hata kidogo. Akaitika, "Sawa, bosi." Hapo nikajua shemeji kaisha.

Afisa akauliza ile cherehani ya pembeni ni ya kazi gani. Shangazi kainamisha kichwa: "Mimi mfanyakazi tu. Muulize bosi."

Bosi akasema inapiga pasi.

INAPIGA PASI, shoga yangu!

Afisa akamwambia basi atie uzi tu. Jasho likamtiririka, sindano haioni, anamtolea shangazi macho ya kuomba msaada. Shangazi: "Siwezi kugusa bila ruhusa yako, bosi."

Afisa akafuta ombi lake palepale. Ndipo shangazi akafungua droo, akatoa leseni yenye jina lake. Kaachiwa fomu mpya.

Kesho anaipeleka. Picha hapigi nyingine, anatumia zilezile za shemeji. Anasema zimetoka vizuri.