Kimya cha Mama Furaha

Dada Riziki, salamu za Bunia.

Mvua haikomi, gari la kwenda Iga Barrière halipatikani, na kukaa kitini nimeshindwa. Jirani yangu hapa mtaa wa Saio, Mama Furaha, anafanya mazoezi ya adungu, kinubi cha watu wa Mahagi. Jumapili atapiga na kuimba wimbo wa msiba kwenye misa ya kumkumbuka mama yake. Amejifunza wimbo huo kwenye simu, kwa rekodi ya mjomba wake akiupiga, na katikati hunyamaza kama mjomba. Leo mjomba, ambaye yeye humwita Noko, amefika, akaulizwa.

“Noko, hapa unanyamaza juu ya nini?”

“Mvula. Kamba ililegea, nikaikaza. Weye ulizani nilikuwa nasali?”

Furaha hakucheka. Aliurudia bila kimya, akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma, hadi nikaanza kuzunguka ua. Mwishowe akanyamaza baada ya jina la marehemu.

“Pale siye wote tunapita mbio,” mjomba akasema. “Tuko naogopa kulia.”

“Miye nitasimama.”

“Na ukilia?”

“Watu watangoja.”

Wewe na watoto mlale vizuri kuliko mimi.

Kaka yako,
Baraka