Kifurushi cha Misesi Shabani

Jumatatu, 12 Juni 2006

Nimefagia, nimechota maji, nimemenya viazi, nimekwenda posta. Siku ya tatu. Kifurushi kipo. Nimekiona kwa macho yangu, rafu ya pili, kimeshonewa ndani ya kitambaa cheupe. Hawanipi.

Ni mawe yangu. Shanga za mawe ya zambarau kutoka India. Nilizichagua mwenyewe kwenye intaneti pale mjini, saa nzima nikisubiri picha zifunguke. Dada yangu wa Maskati akalipa kwa kadi yake, mimi nikajaza fomu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Pa kuandika jina nikaandika Misesi Shabani Mohamedi. Tulikuwa na siku tisa za ndoa. Sikuwa nimewahi kuliandika popote. Niliandika huku natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kadi yangu ya mpiga kura inasema Zainabu Ramadhani. Karani anasema hanijui.

Jumanne, 13 Juni

Nimepeleka cheti cha ndoa. Karani akakisoma hadi mihuri, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Dada, hapa mke ni Zainabu. Mzigo ni wa Shabani. Mlete Shabani."

Nikamwambia yuko Mpwapwa anapima viwanja hadi Alhamisi. Nikamwambia hajui hata kilichomo. Akasema basi nisubiri, kama wake wengine wanavyosubiri waume zao. Foleni nzima ikacheka. Nimerudi nyumbani Ipagala kwa miguu, vumbi kinywani.

Harusi ya Rukia ni Jumamosi. Mkufu wake ni kazi yangu ya kwanza kuagizwa na mtu asiye ndugu. Shangazi yake, Bi Fatuma wa Majengo, alinipa kwa shingo upande. Leo kasema Ijumaa jioni mkufu usipokuwepo, bibi harusi atavaa wa plastiki wa dukani, na mimi nibaki na sufuria zangu.

Jumatano, 14 Juni

Upepo. Baridi. Hasira.

Mama mkwe kaniambia, kwa upole, kwamba mwenye mume hahangaiki na foleni. Nampenda mama yule. Nilitaka kupiga kelele.

Nimenusa shati la Shabani, lile la buluu. Mume wangu mzuri. Namkasirikia na yeye. Hajafanya kitu. Sijali.

Alhamisi, 15 Juni

Amerudi. Jua limemuunguza, mzuri kupita kiasi. Nikasahau hasira kwa dakika kumi.

Kisha posta. Hakuombwa kadi. Hakuombwa chochote. Alitaja jina, karani akamwamkia "mkuu", naye Shabani akasaini. Kwisha. Akaulizwa kuna nini ndani. Na huyu, nuru ya macho yangu, akacheka.

"Vitu vya wanawake tu."

Nikamnyang'anya. Mbele ya watu. Nikamwambia hii ni kazi, si vitu, na kama hajui aulize. Njia nzima hatukusemezana. Mara yetu ya kwanza tangu tuoane. Nimelia jikoni, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Ijumaa, 16 Juni

Natunga tangu alfajiri. Mawe mazito, ya baridi, rangi ya zabibu zetu zikiiva. Moja lina ufa tunduni, nimelitupa. Nyuzi tatu, fundo baada ya kila shanga. Vidole vinauma.

Shabani amepita mlangoni mara nne. Mara ya tano akaleta chai, akakaa mkekani, akauliza mafundo yote haya ya nini. Nikamjibu kwa mkato: uzi ukikatika, ipotee shanga moja, zisimwagike zote. Akasema hakujua. Nikasema najua kwamba hakujua.

Saa kumi na moja nilikuwa kwa Bi Fatuma. Akaupima mkufu kwa kiganja, akaupima tena, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

Jumamosi, 17 Juni

Rukia alipendeza hadi nikasahau kupumua. Mkufu ulikaa shingoni kama umezaliwa pale.

Halafu mshereheshaji akashika kipaza sauti. Akatangaza mkufu wa mawe halisi kutoka India, ulioletwa na Bwana Shabani Mohamedi. Vigelegele. Eti ndivyo alivyoelezwa, kwa kuwa mume ndiye aliyeyatoa mawe posta. Siku zote hizi, mgongo wangu, vidole vyangu! Shabani akanitazama. Hakusimama kupokea sifa.

Hakusema kitu. Hilo ndilo linalonichoma. Na bado nampenda, na hilo linaniudhi zaidi.

Jumapili, 18 Juni

Upepo umetulia. Nilikuwa uani nasuuza vyombo, yeye yuko barazani. Ikabishwa hodi. Wanawake wawili, sauti nisizozijua. Wakamwamkia, wakauliza kama hapa ndipo kwa fundi aliyetunga mkufu wa Rukia.

Mikono yangu ikasimama majini.

"Ndipo," akasema Shabani. "Fundi ni Zainabu. Mimi ni mume wake."

Akawakaribisha. Kisha akaja uani kuchukua kigoda cha mgeni wa pili. Hakunitazama sana. Nikafuta mikono, nikaenda kuwapokea.