Noti Niliyoifuma Ndani ya Kyondo

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Matinyani tuko salama. Pojo zimetoa maua, na babu yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeniuliza kama binti yako Mutanu, kwa miaka yake sita, ametosha kununuliwa kibubu. Wacha nikwambie yangu.

Nikiwa msichana mdogo nilifuma kyondo, kikapu chetu cha mkonge, mama akaniuzia sokoni Tulia. Hiyo ndiyo pesa yangu ya kwanza. Niliogopa mandazi yataimaliza, kwa hivyo noti nikaisokota kama uzi, nikaifuma ndani ya kitako cha kyondo kingine. Sikumwambia mtu. Kila jioni nilikipapasa, nikijiona tajiri.

Siku moja nilitoka shule nikapata kyondo hakipo. Mama alikuwa amekiuza pamoja na vyake. Nilipomweleza nikilia, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ulikuwa unaiweka ya nini?"

 Nilijua kuficha, lakini sikuwa nimefikiria nataka nini.

Kyondo cha tatu tulikifuma pamoja na mama. Safari hiyo nilikuwa nimesema nataka kuku, na kilipouzwa, kuku nilimpata.

Kibubu mnunulie, Mwende. Lakini kabla hajatia shilingi ya kwanza, muulize lile swali, na umngoje ajibu, hata akitaja kitu cha upuuzi.

Mimi mpaka leo, nikiona mwanamke amebeba kyondo cha zamani, mkono unaniwasha nikipapase chini.

Ni mimi susu yako, nyanya anayekupenda.