Jino la Papa

Moroko, 4 Machi 2023

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Yesu. Natumaini huko Bwera hamjambo na mgongo wako umepata nafuu. Mimi mzima, ila mikono imechubuka. Ulaya bado. Nachimba mashimo, kama wazee wetu kwenye migodi ya Kilembe.

Hardy, mwenzangu wa safari, anarudishwa kwao Butembo, nimempa akuletee jino la papa. Tulilitoa chini kabisa ya shimo. Shakib, mtu wa Mombasa ninayechimba naye, ndiye aliyelitambua. Ni dogo na limemeguka ncha, makubwa tajiri wetu huyachukua. Limekaa ardhini zamani sana bila kuoza, nikataka uwe nalo.

Mwanao,
Mbusa

Bwera, 20 Mei 2023

Mwanangu Mbusa,

Wewe mzima? Unakula? Mimi sijambo ya kusema tu.

Hardy aliacha barua na kitambaa mezani, akaenda zake. Niliposoma "jino la papa" nilianguka chini. Papa yako Kakule alipita njia hiyohiyo ukiwa bado shuleni, akanyamaza, na wewe uliondoka ukisema utamtafuta. Kumbe umempata ndani ya shimo! Na hayo meno yake mengine, tajiri wenu anayachukua ya nini? Hana mama huyo?

Nililishika mpaka nikasema ndilo lile alilovunjia kwenye mfupa wa mbuzi. Tuliweka shina la mgomba ndani ya sanduku mahali pa mwili wake, jino juu yake, padri akaomba, tukazika. Nimenyoa nywele. Baba yako mdogo Tefiro na wazee wamekutangaza mrithi. Nyumba na shamba la kahawa sasa ni vyako.

Niambie jambo moja tu. Kuna aliyemwona akifa? Alinitaja?

Mama yako

Moroko, 2 Julai 2023

Mama mpendwa,

Barua imefika. Pole sana kwa msiba, Mungu akutie nguvu. Niliulizia kwa watu. Papa alikufa kwa homa, hakuteseka. Alikutaja wewe. Alisema "Kavira" mpaka mwisho.

Nimeshaongea na baba mdogo auze shamba na nyumba, nipate kuvuka kabla bahari haijachafuka. Nikifika nitakujengea ya matofali. Usinung'unike, mama, ni urithi wangu.

Mwanao,
Mbusa

Kasese, 11 Februari 2024

Mbusa,

Nasikia ulivuka. Haya. Mimi nalala sebuleni kwa mdogo wangu Yvette, hapa Nyamwamba, nafulia watu nguo.

Jirani yetu Naome aliwahi kukaa Mombasa. Jana nilimweleza habari za lile jino, akacheka mpaka machozi. "Papa? Ile iko samaki, mama! Samaki ya baharini, iko na meno mingi sana!" Halafu akaona uso wangu, akaanza kuomba radhi.

Nimezika samaki. Nimemlilia samaki, padri akamwombea samaki apumzike kwa amani. Hilo ni kosa langu, Kiswahili cha pwani sikijui, na kama ni hilo tu ningecheka na mimi. Lakini wewe ulisoma barua yangu. Ulijua. Nilikuuliza, ukanijibu.

Shamba umekula, kula. Ila ulimtia Kakule jina langu mdomoni, nami nikawa nalala nalo kila siku, nikishukuru. Sasa sijui kama amekufa. Sijui kama aliwahi kunitaja. Basi la Kampala likisimama, najikuta natazama nyuso za wanaume wanaoshuka. Nilikuwa nimeshaacha, Mbusa. Nilikuwa nimepumzika.

Usiniandikie tena "mama mpendwa".

Kavira, mke wa Kakule